Ziwa likirudi nyuma, lisisahauliwe lilipofika

UVIRA – Kila mahali ambako familia zilizofukuzwa na maji ya ziwa Tanganyika zimepata hifadhi, kuna swali ambalo halichoki kuulizwa: maji yatarudi lini? Linaulizwa Uvira, Baraka na Kalemie. Linaulizwa pia ng'ambo ya mpaka, Gatumba nchini Burundi. Anayeuliza ana sababu zake. Parseli yake iko chini ya maji, karatasi ya kununulia anayo bado ndani ya mfuko wa plastiki, na kodi ya nyumba anayolala sasa inamshinda. Akisikia kwamba ziwa limeshuka kidogo, anaanza kuhesabu siku za kurudi kujenga.

Swali hilo ni la haki kabisa. Lakini likiulizwa peke yake linaweza kuiumiza familia mara ya pili. Liko lingine linalopaswa kwenda pamoja nalo, na wauza parseli hawalipendi: maji yalikwisha kufika wapi zamani, na nini kitayazuia yasifike pale tena? Jibu lipo. Watu wanaopima bahari wamelitafuta kwa miaka mingi, na wamelifundisha hadharani.

Somo lililotolewa Paris

Mwezi Machi 2013, mwanasayansi Mfaransa Anny Cazenave alifungua masomo yake katika Collège de France, mjini Paris. Nyumba hiyo ya elimu ilianzishwa mwaka 1530, na ina desturi moja ambayo ingefaa kuigwa popote: masomo yake ni ya watu wote. Hakuna malipo, hakuna kujiandikisha, hakuna mtihani wala diploma. Anayetaka kusikia anaingia, anakaa, anasikiliza. Somo la siku ile lilihusu dunia na mazingira jinsi vinavyoonekana kutoka angani.

Bibi Cazenave alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima bahari bila kuigusa. Kazi yenyewe inaelezeka. Satelaiti inazunguka dunia kwenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300. Inatuma mawimbi ya rada kwenda chini, mawimbi yanagonga uso wa maji na kurudi. Muda wa kwenda na kurudi unaonyesha umbali kati ya satelaiti na maji. Kwa kuwa mahali ilipo satelaiti panajulikana vizuri, inabaki hesabu ya kutoa, na kimo cha maji kinapatikana kwa kukosea sentimita chache tu. Satelaiti ya kwanza iliyofanya kazi hiyo kwa uhakika mkubwa, TOPEX/Poseidon ya Ufaransa na Marekani, ilirushwa mwezi Agosti 1992. Ilirudi juu ya mahali palepale kila baada ya siku 10 hivi. Nyingine zimeifuata, na kipimo hakijakatika hadi leo.

Walichokiona hakina mabishano tena. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi lilikusanya vipimo vyote katika ripoti yake ya mwaka 2021. Kati ya 1901 na 2018 bahari ya dunia ilipanda kwa sentimita 20 hivi. Hadi mwaka 1971 ilikuwa ikipanda milimita 1.3 kwa mwaka. Kati ya 2006 na 2018 ilifikia milimita 3.7 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba bahari inapanda, na mwendo wake unaongezeka.

Sababu ni mbili kubwa. Ya kwanza, maji yakipata joto yanavimba. Mama yeyote aliyejaza sufuria hadi ukingoni na kuiweka motoni anajua kwamba maji huanza kumwagika hata kabla ya kuchemka. Ya pili, barafu ya milimani na ile ya Greenland na Antaktika inayeyuka, na maji yake yanaishia baharini. Joto lenyewe linatokana hasa na moshi wa mafuta, gesi na makaa ya mawe yanayochomwa, na nchi zilizochoma zaidi si hizi za maziwa makuu. Kufikia mwaka 2100, ripoti ileile inasema, bahari inaweza kuongezeka kati ya sentimita 28 na mita 1 ikilinganishwa na ilivyokuwa kati ya 1995 na 2014, kulingana na kiasi cha moshi utakaoendelea kutolewa. Na hata moshi ukikoma, bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi, kwa sababu joto limekwisha kuingia katika vina vyake.

Ziwa si bahari

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Wapo wakaazi wanaosema ziwa Tanganyika limepanda kwa sababu bahari imepanda. Sivyo. Uso wa ziwa uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Maji ya bahari hayawezi kuupanda mlima huo. Maji ya ziwa ndiyo yanayoteremka kwenda baharini: yanatokea Kalemie kwa mto Lukuga, yanaingia Lualaba, yanakuwa mto Kongo, na yanafika bahari ya Atlantiki karibu na Muanda, upande wa pili wa nchi.

Hata hivyo bahari ina mkono wake katika mambo ya ziwa, ila mkono huo unapitia angani. Mwaka 2002, Bibi Cazenave na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya maziwa ya Afrika waliyoyapima kwa satelaiti kati ya 1993 na 1999. Waliona kwamba kupanda na kushuka kwa maziwa ya upande huu wa Afrika kunahusiana na hali ya bahari ya Hindi. Bahari hiyo ikipata joto zaidi upande wa Somalia, Kenya na Tanzania kuliko upande wa Indonesia, mawingu mazito huelekea Afrika Mashariki na mvua hunyesha kupita kiasi. Ilitokea hivyo mwaka 1961. Ilitokea tena 1997, na tena 2019. Kila mara maziwa yalipanda baadaye. Mwezi Mei 2020 ziwa Victoria lilipita kimo chake cha mwaka 1964, ambacho kilikuwa hakijawahi kupitwa tangu lianze kupimwa.

Ziwa Tanganyika ni kama beseni kubwa lenye tundu dogo. Linapokea mvua inayonyesha juu yake, linapokea Ruzizi kutoka ziwa Kivu, Malagarasi kutoka Tanzania, na mito mingi midogo inayoshuka milimani. Linapoteza maji kwa njia mbili: jua na Lukuga. Jua ndilo linalochukua mengi zaidi. Kila mwaka maji hupanda wakati wa mvua, yanafika juu mwezi wa nne au wa tano, kisha hushuka hadi mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Wavuvi wanalijua hilo tangu zamani. Mvua ikizidi miaka miwili au mitatu mfululizo, beseni halipati nafasi ya kupungua, na mwaka mpya unaanza pale ulipoishia mwaka wa zamani.

Basi tofauti ndiyo hii. Bahari inapanda polepole, milimita kwa milimita, na hakuna mtu aliye hai leo atakayeiona ikirudi. Ziwa linapanda haraka, mita kwa miaka michache, kisha linarudi nyuma.

Mwenye kusikia hivyo anaweza kufikiri kwamba watu wa ziwa wana bahati kuliko watu wa bahari. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba bahari haidanganyi mtu. Ziwa linadanganya, kwa sababu linarudi nyuma na kuacha ufuko mkavu, mpana, wenye mchanga mzuri, na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka kwamba pale palikuwa maji. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliyefukuzwa na ziwa hashtuki. Ziwa likishuka, ananunua jirani yake.

Ziwa lina kumbukumbu ndefu kuliko watu

Katika miaka ya 1870, wasafiri Wazungu waliofika mahali palipo Kalemie leo walikuta mlango wa Lukuga umezibwa na mchanga na majani. Cameron alipita mwaka 1874, Stanley mwaka 1876. Ziwa lilikuwa limejaa. Miaka michache baadaye kizuizi kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na ziwa likashuka kwa mita 10 hivi kabla ya mwisho wa karne ile. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ufuko ambao leo una masoko, bandari, makanisa na nyumba ilikuwa chini ya maji wakati wa mababu wa mababu.

Kisha zikaja mvua kubwa za 1961 na 1962. Ziwa likapanda hadi mwaka 1964, na kimo cha mwaka huo kikawa ndicho cha juu zaidi katika karne nzima ya ishirini. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule ni mzee leo, lakini wazee wa namna hiyo wapo bado Uvira, Kalemie, Bujumbura na Kigoma. Baada ya hapo maji yakaanza kushuka tena. Katikati ya miaka ya 2000 yalikuwa chini kiasi kwamba mashua kubwa zilipata taabu kufika kwenye gati. Malalamiko ya wakati huo yalikuwa ya ziwa kukauka.

Miaka hiyo ya maji kidogo ndiyo iliyotega mtego. Mji ulikuwa unaongezeka. Vita vya tangu 1996 vilikuwa vimewashusha watu wengi kutoka milimani na uwandani kuja mjini. Ufuko ulikuwa mtupu na bei yake haikuwa kali. Parseli zilipimwa, karatasi zikapigwa muhuri, nyumba zikapanda. Wengi wa walionunua hawakuwahi kumsikia mzee wa 1964. Aliyewauzia huenda alimsikia.

Maji yalipoanza kupanda baada ya mvua za mwisho wa 2019, hayakuteka ardhi ya mtu. Yalirudi yalipokuwa. Yalipanda tena mwaka 2021, na katika mwaka 2024 yalikaribia alama ya 1964. Kwa familia iliyopoteza kila kitu, huo ni msiba ambao haujawahi kuonekana. Kwa ziwa lenyewe ni mara ya pili katika miaka 60.

Mpaka wa ziwa upimwe kwa kimo

Kutokana na hayo yote linatoka jambo moja ambalo serikali, viongozi wa mitaa na familia zenyewe wangepaswa kulishika kabla maji hayajarudi nyuma kabisa. Mpaka wa ziwa usihesabiwe kwa hatua kutoka maji yalipo leo. Uhesabiwe kwa kimo ambacho maji yalikwisha kufikia.

Nchi jirani zimejaribu kulinda ufuko kwa sheria. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji. Burundi, katika sheria yake ya maji ya mwaka 2012, iliweka mita 150 kwa ziwa Tanganyika. Hizo ni hatua njema, na upande wa Kongo ungefaa kuwa na mpaka unaoheshimiwa kwa namna hiyo. Lakini hatua zina udhaifu mmoja mkubwa: zinasogea pamoja na maji. Ziwa likishuka, mita 150 zinashuka nalo, na ardhi iliyokuwa marufuku inakuwa halali kuuzwa. Ziwa likipanda, nyumba iliyojengwa kihalali inajikuta majini.

Udhaifu wa pili ni mteremko. Kwenye ufuko wenye mwinuko mkali, maji yakipanda kwa mita 1 yanasogea hatua chache tu. Kwenye uwanda wa Ruzizi, kati ya Kavimvira na Gatumba, ardhi ni kama meza. Pale ambapo ardhi inainuka mita 1 kwa kila mita 500 za mwendo, mita 1 ya maji inameza mita 500 za nchi kavu. Mita 60 hazimlindi mtu hapo, na 150 pia hazimlindi. Kinachomlinda ni kujua kwamba msingi wa nyumba yake uko juu au chini ya alama ya 1964.

Alama hiyo haihitaji mamilioni ya dola. Vipimo vya zamani vya ziwa vipo katika vituo vya kando ya ziwa, na satelaiti zilezile zinazopima bahari zinapita pia juu ya ziwa Tanganyika. Kazi inayobaki ni ya mpima ardhi mwenye chombo chake: kupita mtaa kwa mtaa na kuweka alama ya rangi kwenye kuta za shule, kwenye nguzo za umeme, kwenye kuta za makanisa na misikiti, ikisema maji yalifika hapa mwaka 1964, na hapa mwaka 2024. Mtoto apite mbele yake kila siku akienda shule. Mnunuzi aione kabla hajatoa pesa. Ofisi ya ardhi isipige muhuri kwenye karatasi ya parseli iliyo chini yake. Na familia ambayo haina mpima inaweza kuanza leo kwa msumari na rangi nyekundu, kwa sababu ukuta uliolowa bado una mstari wake, na mstari huo utafutika baada ya misimu michache.

Hoja za wanaopinga

Wapo wenye hoja dhidi ya mpaka wa namna hiyo, na hoja zao zina uzito.

Hoja ya kwanza ni ya Lukuga. Wengi husema dawa ni moja: mlango wa Lukuga uchimbwe, mchanga utolewe, maji yaende zake. Ni kweli kwamba mlango ule unahitaji kutunzwa, na nchi nne zinazogawana ziwa – Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia – zina mamlaka ya pamoja ya kulishughulikia ziwa hilo, yenye makao yake Bujumbura. Lakini hesabu ni nzito. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi. Kulishusha kwa sentimita 1 tu ni kutoa mita za ujazo milioni 329, juu ya zile ambazo mito na mvua zinaendelea kuleta. Kulishusha mita 1 ni mara mia ya hizo. Na maji hayo yote yatapita mbele ya vijiji vilivyo kando ya Lukuga na Lualaba, ambavyo navyo vina watoto. Tena ukichimba sana mlango, siku mvua zikipungua ziwa litashuka kupita kiasi, na bandari zitalia kama zilivyolia miaka ya 2000. Lukuga itunzwe, bila kuwadanganya watu kwamba ndiyo itakayowarudishia parseli zao.

Hoja ya pili ni ya wavuvi. Mvuvi hawezi kuishi mbali na mtumbwi wake, na mama anayeanika ndagala anahitaji mchanga na jua la ufukoni. Hilo ni kweli pia. Lakini kufanya kazi mahali si lazima kulala hapo. Mitumbwi, soko la samaki, vichanja vya kuanikia ndagala, hata banda la mbao la kuweka nyavu, vyote vinaweza kukaa chini ya alama, kwa sababu maji yakija vinahamishika. Nyumba ya matofali, shule, zahanati na choo haviwezi kuhamishwa. Choo hasa: kikifurikwa, maji yake yanakwenda moja kwa moja kwenye ndoo za jirani, na kipindupindu hakijawahi kuwa mgeni katika miji ya ziwa hili.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: waende wapi? Uvira umebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba. Anayekimbia maji ya chini anaweza kukutana na maji ya juu. Mwezi Aprili 2020, mvua ya usiku mmoja iliujaza mto Mulongwe na mito mingine inayokatiza mji. Mawe na matope vilishuka, makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, madaraja yalikatika. Kumwambia mtu aache ufuko ili akajenge kwenye kingo za Mulongwe ni kumtoa kwenye maji na kumtia kwenye mawe.

Kwa hiyo alama ya kimo haitoshi bila ardhi ya kubadilishana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo wa Kongo ni mali ya serikali. Kama ni mali yake, basi karatasi zilizotolewa kwa parseli za ufukoni zilitoka mikononi mwa watu wake, na pesa za karatasi hizo ziliingia huko. Familia yenye karatasi halali iliyo chini ya maji haiombi sadaka. Inadai. Na deni hilo linaweza kulipwa kwa parseli mahali pa juu, palipopimwa mbali na mabonde ya mito, penye njia na bomba la maji, hata kama ni nje kidogo ya mji. Kubomoa nyumba za ufukoni bila kuonyesha pa kwenda hakuondoi hatari yoyote, kwa sababu watu walewale watajenga tena mahali pengine pabaya, wakiwa maskini zaidi.

Familia zilizokimbia vita ziko katika hali hiyohiyo kwa upande mwingine. Anayefika mjini usiku, bila kitu, hupewa au hukodishiwa ile ardhi ambayo wenyeji hawaitaki. Mara nyingi ni ya ufukoni. Wale wanaopanga mahali pa kuwaweka wahamishwa, serikali na mashirika pia, wangeanza kwa kuuliza alama ya 1964 iko wapi. Mtu aliyekwisha kukimbia risasi hastahili kukimbia tena na godoro kichwani.

Kutoka Kalemie hadi Muanda

Kongo ina bahari, ingawa pwani yake ni fupi, ya kilomita 40 hivi. Pale Muanda, udongo wa ukingo umekuwa ukikatika na kuanguka baharini, kipande kwa kipande. Mkaazi wa Muanda ambaye nyumba yake imefikiwa na bahari haulizi maji yatarudi lini. Kwa kimo ambacho bahari inaelekea, swali hilo kwake limefungwa. Anachoweza ni kuhama mapema, au kusaidiwa kuhama.

Mkaazi wa Uvira, Baraka au Kalemie ana kitu ambacho yule wa Muanda hana: muda. Ziwa litarudi nyuma, labda kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo kutakuwa na nafasi ya kupanga mji upya, kutafuta ardhi, kulipa madeni, kuweka alama. Lakini muda huo unaweza pia kutumiwa vibaya, kama ulivyotumiwa baada ya 1964. Bahari ya Hindi itapata joto tena kama ilivyopata 1961, 1997 na 2019, na dunia yenye joto zaidi haitazipunguza mvua za namna hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa sasa ni ule muhuri utakaopigwa kwenye parseli ya kwanza ya mchanga mkavu.

Siku maji yatakapoondoka, wauzaji watafika ufukoni kabla matope hayajakauka. Watasema maji yamekwisha, watapunguza bei, watataka malipo ya haraka. Siku hiyo, kabla ya kutoa pesa yoyote, mnunuzi amtafute mzee wa mtaa, amwombe watembee pamoja, na amwulize kwa heshima: baba, mwaka 1964 maji yalifika wapi? Mzee akinyoosha fimbo kuelekea barabarani, upande wa milima, mazungumzo ya bei yaishie hapo.